Kichujio cha barua taka kisiwe bawabu wa kufukuza wageni

WAHENGA walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika Mji wa Kale wa Mombasa methali hiyo ilijengwa kwa mawe na chokaa. Mbele ya nyumba nyingi za Kibokoni, Kuze na Ndia Kuu pana baraza, na kazi ya baraza ni kubwa kuliko kupunga upepo. Mgeni asiyejulikana hakufukuzwa mlangoni wala hakupitishwa moja kwa moja hadi ndani. Alikalishwa hapo, akaulizwa atokako na aliyemtuma, na majibu yake ndiyo yaliyoamua iwapo mlango ungefunguliwa.

Leo mgeni wa ofisi za kisiwa hicho aghalabu haji kwa miguu. Huja kwa barua pepe, na bawabu anayempokea ni programu ya kompyuta, yaani kichujio cha barua taka. Mara nyingi bawabu huyo aliwekwa na fundi aliyekwisha kuondoka, akapewa sheria zilizoandikwa ng'ambo, na tangu hapo hakuna aliyerudi kutazama anavyofanya kazi. Hana baraza. Kwake kuna kuingia na kutupwa tu.

Kwamba bawabu anahitajika, hilo halina ubishi. Bila vichujio, barua pepe ingalikwisha kuzama katika matangazo ya dawa bandia, bahati nasibu zisizokuwapo na viambatisho vyenye virusi. Ubishi uko katika kipimo. Kwa miaka mingi ubora wa kichujio umepimwa kwa wingi wa taka kinachozikamata. Hiyo ni nusu ya hesabu. Nusu ya pili ni idadi ya barua halali zilizohukumiwa kuwa taka, na nusu hiyo haihesabiwi na mtu, kwa sababu barua iliyopotea hailalamiki.

Hasara isiyo na sauti

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Iwapo ofisi hupokea barua halali 200 kwa siku, na kichujio chake kikakosea kwa asilimia moja tu ya barua hizo, barua mbili hupotea kila siku. Kwa siku 250 za kazi katika mwaka, hizo ni barua 500. Muuzaji wa programu atajisifu kwamba kichujio chake huzipitisha barua halali kwa usahihi wa asilimia 99, na hatakuwa amesema uongo. Lililobaki ni kujua barua 500 hizo zilikuwa za nani na zilibeba nini.

Mombasa ni mahali ambapo barua moja huweza kuwa na uzito mkubwa. Meli inapokaribia Kilindini, taarifa ya kuwasili, hati ya shehena, ankara na cheti cha asili ya bidhaa huenda na kurudi kwa barua pepe baina ya wakala wa meli, wakala wa forodha na mwenye mzigo. Kontena ikishateremshwa hupewa siku chache zisizolipiwa. Zikipita, ada ya kuhifadhi mzigo huanza kuhesabiwa, na kampuni ya meli nayo hudai malipo kwa kucheleweshewa kontena yake. Taarifa iliyolala siku tatu katika folda ya taka hulipwa kwa dola.

Hali ni hiyo hiyo katika biashara ya majani chai. Mnada ulioanzishwa Nairobi mwaka 1956 na kuhamishiwa Mombasa mwaka 1969 huuza chai ya Kenya na ya nchi jirani kwa wanunuzi wanaosafirisha hadi Pakistan, Misri, Uingereza na nchi za Ghuba. Mwaka 2020, wakati wa janga la Covid-19, mnada huo ulihamia kwenye mfumo wa kielektroniki, lakini mazungumzo yanayouzunguka, kuanzia maagizo ya wanunuzi hadi ankara na maelekezo ya malipo, bado hutegemea barua.

Kuna pia kijana wa Majengo au Tudor aliyeomba nafasi ya masomo ng'ambo. Chuo humtumia barua ya kumkubali, na humpa tarehe ya mwisho ya kujibu. Barua hiyo hutoka kwa mtu asiyewahi kuwasiliana naye, ina kiambatisho, hutaja ada kwa dola au pauni na humhimiza abonyeze kiungo. Kwa macho ya programu, hizo ni dalili za tapeli. Asipofungua folda ya taka mwezi mzima, huenda asijue kamwe kwamba alikubaliwa, maana katika Gmail barua zilizotiwa humo hufutwa zenyewe baada ya siku 30.

Sheria zilizotungwa mbali

Ili kufahamu kwa nini makosa hayo hutokea, yafaa kujua jinsi kichujio kinavyohukumu. Barua inayotajwa kuwa taka ya kwanza ilitumwa tarehe 3 Mei 1978 na Gary Thuerk wa kampuni ya Digital Equipment nchini Marekani, aliyetangaza kompyuta zake kwa watu wapatao 400. Miaka ya tisini taka ziliongezeka kupita kiasi, na mafundi wakaanza kutunga sheria za kuzitambua.

SpamAssassin, programu isiyolipiwa ambayo imetumiwa na seva nyingi duniani tangu mwaka 2001, ni mfano mzuri. Kila sheria ndani yake ina alama. Neno fulani katika kichwa cha barua huongeza alama kadhaa, anwani ya seva isiyoaminika huongeza nyingine, na saini halali ya mtumaji hupunguza. Alama zikifika tano, kiwango ambacho programu huja nacho, barua huitwa taka. Msimamizi wa mitambo ana uhuru wa kubadilisha alama zote hizo, lakini ofisi nyingi huziacha kama zilivyokuja.

Hapo ndipo tatizo la Mombasa linapoanzia. Sehemu ya sheria hizo ilitungwa kukabiliana na barua za ulaghai zilizopewa jina la 419, kutokana na kifungu cha Kanuni ya Jinai ya Nigeria kinachohusu udanganyifu. Barua hizo zina mtindo wake: mtu amefariki, ameacha mamilioni ya dola benki, anatafutwa jamaa wa karibu, na jibu linahitajika haraka. Watunga sheria waliyapa maneno hayo alama mbaya. Kwa mkazi wa kijiji cha Ulaya ambaye hajawahi kupata barua ya kweli ya aina hiyo, sheria hizo hazina madhara.

Mji wa Kale ni mahali tofauti. Familia nyingi zake zina jamaa Muscat, Dubai, Jeddah na London. Mtu akifariki Mombasa na kuacha nyumba, wakili au ndugu huwaandikia warithi walioko ng'ambo. Barua hutaja marehemu, warithi, akaunti ya benki na thamani ya nyumba kwa mamilioni, kisha huomba nakala za vitambulisho zipelekwe upesi ili shauri la mirathi liendelee katika Mahakama ya Kadhi, ambayo inatambuliwa na Kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010. Kila neno katika barua hiyo ni la kweli, na karibu kila neno limekwisha kupewa alama mbaya.

Wafanyabiashara wa bandari nao hutumia msamiati uo huo. Shehena, mnufaika wa malipo, uhamishaji wa fedha, malipo ya awali na dhamana ya benki ni maneno ya kazi ya kila siku katika ofisi za Moi Avenue na Nkrumah Road. Ni maneno ambayo matapeli waliyaazima kutoka kwa wafanyabiashara. Ajabu ni kwamba sasa mwenye mali ndiye anayeshukiwa.

Lugha ni jambo jingine. SpamAssassin ina kipengele cha kutambua lugha ya barua, na Kiswahili kimo katika orodha yake. Msimamizi huweza kutaja lugha anazozikubali, na barua ya lugha nyingine ikaongezewa alama. Akitaja Kiingereza pekee, kwa kudhani kwamba ofisi ni ya Kiingereza, atakuwa ameiweka barua ya Kiswahili ya mteja wa Likoni au Zanzibar nusu ya njia kuelekea jalalani kabla haijasomwa neno. Barua fupi zinazochanganya Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu, kama ziandikwavyo na wakazi wengi wa kisiwa hicho, ni ngumu zaidi kutambuliwa.

Jirani mbaya na kalenda mbovu

Makosa mengine hayahusu maneno kabisa. Vichujio hutazama pia anwani ya seva iliyotuma barua na kuilinganisha na orodha nyeusi. Shirika la Spamhaus, lililoanzishwa London mwaka 1998, ni maarufu miongoni mwa watunzaji wa orodha hizo, na zimesaidia sana kuzuia taka. Lakini kampuni ndogo nyingi hukodi nafasi katika seva moja inayotumiwa na mamia ya wateja. Nywila ya mteja mmoja ikiibwa na seva ikatumiwa kusambaza taka, anwani ya wote huingia katika orodha. Duka la nguo la Biashara Street huadhibiwa kwa kosa la jirani asiyemjua.

Kuna wasimamizi wanaopita hapo na kuzuia nchi nzima. Mwishoni mwa 2004 na mwanzoni mwa 2005, kampuni ya Verizon ya Marekani ilizuia sehemu kubwa ya barua kutoka Ulaya kwa hoja ya kupambana na taka. Wateja wake walishtaki, na shauri likamalizwa kwa makubaliano mwaka 2006. Ikiwa Ulaya iliweza kufungiwa mlango hivyo, si vigumu kuona jinsi anwani za Afrika zinavyoweza kufungiwa na msimamizi ambaye hana mteja hata mmoja barani humu.

Mara nyingine sheria huoza yenyewe. Katika matoleo ya SpamAssassin ya wakati huo mlikuwa na sheria iliyoongeza alama zipatazo tatu kwa barua yenye tarehe ya mbali katika siku zijazo, kwa sababu matapeli hupenda kughushi tarehe ili barua yao ibaki juu ya nyingine. Mtunzi aliuhesabu mwaka 2010 na kuendelea kuwa ni siku za mbali. Tarehe 1 Januari 2010 ilipofika, barua halali duniani kote zikaanza kutiwa alama hizo. Marekebisho yalitolewa siku hiyo hiyo, lakini yaliwafaa wale tu waliokuwa na desturi ya kuhuisha sheria zao. Kwa wengine, bawabu aliendelea kuwafukuza watu kwa kosa la kuja mwaka mpya.

Funzo la kisa hicho ni kwamba sheria ya kichujio huandikwa kwa ajili ya wakati na mahali. Wakati ukibadilika, au ikihamishiwa mahali pengine, sheria ile ile iliyokuwa na busara huwa ni dhuluma.

Enzi ya setilaiti imepita

Kulikuwa na wakati ambapo ukali ulikuwa na sababu yake. Kabla ya 2009, mawasiliano ya intaneti kati ya Kenya na ulimwengu yalitegemea setilaiti. Njia ilikuwa nyembamba na ya gharama kubwa, na kila barua taka ilikula nafasi iliyolipiwa. Kuipoteza barua moja nzuri ili kuzuia mia mbaya kulionekana kuwa biashara ya haki.

Mambo yaligeuka Juni 2009, Rais Mwai Kibaki alipoongoza mjini Mombasa sherehe za kuipokea kebo ya TEAMS iliyopitishwa baharini kutoka Fujairah. Mwezi uliofuata kebo ya SEACOM ilianza kazi, na EASSy ikafuata mwaka 2010. Kisiwa kilichokuwa mwisho wa njia kikawa lango la kuingilia. Gharama ya kupokea barua taka ikashuka, ilhali gharama ya kupoteza barua nzuri ikapanda, kwa kuwa shughuli nyingi zaidi zilihamia mtandaoni. Hata hivyo, mizani ya vichujio vingi haikurekebishwa kufuata badiliko hilo.

Wito wa mahakama katika folda ya taka

Sheria ya nchi nayo imebadilika, na hapa suala huwa zito kuliko biashara. Marekebisho ya mwaka 2020 ya Kanuni za Mashauri ya Madai yaliruhusu wito wa mahakama kupelekwa kwa barua pepe. Kanuni ya 22B katika Agizo la 5 yasema wito utumwe kwenye anwani ya mwisho iliyothibitishwa na kutumiwa na mdaiwa, na kwamba utahesabiwa kuwa umefika pale mtumaji apatapo risiti ya kuwasilishwa. Mnamo 11 Machi 2024, Jaji Mkuu Martha Koome alizindua usajili wa kesi kwa njia ya kielektroniki katika mahakama kote nchini.

Nia ya kanuni hiyo ni njema. Imepunguza safari za wapeleka wito na visingizio vya wadaiwa wanaojificha. Lakini risiti ya kuwasilishwa hutolewa na mashine. Huonyesha kwamba seva ya mpokeaji imekubali barua, wala haionyeshi kwamba barua ilitiwa mahali ambapo binadamu ataiona. Seva ikiipokea na papo hapo ikaitia katika folda ya taka, risiti yaweza kwenda kwa mtumaji bila dosari.

Mdaiwa asiyejua ameshtakiwa hatajitetea. Hukumu itatolewa bila yeye kuwapo, na huenda mtu wa kwanza kumpa habari akawa ni dalali wa mahakama aliyekuja kukamata mali. Ni kweli kwamba mtu huweza kuomba hukumu ya aina hiyo itenguliwe, lakini maombi yana gharama, na atalazimika kuieleza mahakama kwa nini barua iliyofika kwenye anwani yake haikusomwa.

Muda mwingine wa kisheria nao hukimbia kwa namna hiyo. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 humpa mzabuni asiyeridhika siku 14 tangu kuarifiwa ili apeleke malalamiko kwa bodi ya rufani. Kampuni inayofungua folda yake ya taka mara moja kwa mwezi imekwisha kuipoteza haki hiyo bila kujua kwamba ilikuwa nayo.

Hofu ya matapeli ina msingi

Wapo watakaosema kwamba kulegeza kichujio ni kuwakaribisha wezi, na hoja yao haifai kupuuzwa. Mwezi Januari 2004 Bill Gates alitabiri huko Davos kwamba tatizo la barua taka lingetatuliwa katika miaka miwili. Utabiri huo haukutimia, na taka zilizobaki ni hatari kuliko zile za zamani. Tapeli wa leo haombi msaada wa kutorosha mamilioni. Hujifanya mteja wa siku zote, huleta ankara iliyo sawa na ya kweli na kusema kwa upole kwamba nambari ya akaunti imebadilika. Shirika la upelelezi la Marekani, FBI, liliripoti kwamba hasara iliyotokana na ulaghai wa aina hiyo mwaka 2023 ilizidi dola bilioni 2.9.

Biashara ya bandari, yenye ankara nyingi na wahusika walio mbali, ni windo zuri la wezi hao. Kwa hiyo kufungua lango si jibu. Lakini yafaa kuona pia kwamba ukali wa maneno hauwazuii. Barua ya tapeli stadi haina neno baya hata moja, na kwa kuwa huigiza biashara halali, hupata alama chache kuliko barua ya mirathi ya kweli. Kichujio kinachohukumu kwa msamiati huweza basi kumfungia mwenye haki na kumpitisha mwizi kwa siku moja.

Marekebisho yanayofaa

Njia iliyo salama ni kurekebisha kwa hesabu, na hatua ya kwanza haihitaji fedha. Kwa wiki mbili, ofisi iteue mtu wa kufungua folda ya taka kila asubuhi, ahesabu barua halali zilizomo na aandike ni sheria ipi iliyozihukumu. Vichujio kama SpamAssassin huandika sababu za hukumu katika vichwa vya barua yenyewe. Bila orodha hiyo, kila badiliko ni kubahatisha.

Hatua ya pili ni kujenga baraza. Badala ya hukumu mbili, ziwe tatu. Barua yenye alama chache ipite. Yenye alama za kati, kwa mfano kati ya tano na kumi, iwekwe karantini ambako itatazamwa na binadamu. Yenye alama nyingi ikataliwe mlangoni, wakati seva ya mtumaji ingali kwenye mazungumzo, ili mtumaji halali apate taarifa kwamba barua yake haikupokelewa na aweze kupiga simu. Kosa kubwa kuliko yote ni kupokea barua na kuifuta kimyakimya, kwani hapo mtumaji huamini imefika na mpokeaji hajui kwamba ilitumwa.

Tatu, pasiwe na sheria moja yenye uwezo wa kuhukumu peke yake. Alama za maneno yaliyo ya kawaida katika kazi ya ofisi husika zipunguzwe. Ofisi ya wakili wa mirathi haina sababu ya kuadhibu neno marehemu, wala wakala wa forodha neno shehena. Kiswahili na Kiarabu viwemo katika lugha zinazokubaliwa.

Nne, kichujio kifundishwe kwa barua za ofisi yenyewe. Mwezi Agosti 2002 mtaalamu wa programu Paul Graham alichapisha makala kuhusu njia ya kuhesabu uwezekano wa kila neno kutokea katika barua nzuri na mbaya za mtumiaji mwenyewe. Alisisitiza kwamba kuipoteza barua nzuri ni kosa baya mno kuliko kuiachilia taka. SpamAssassin hutumia njia ya ukoo huo, lakini sehemu yake hiyo hailetwi kazini mpaka ionyeshwe barua zisizopungua 200 za taka na 200 halali. Ofisi nyingi huionyesha taka tu na kusahau nusu ya pili. Bawabu aliyeonyeshwa wezi pekee humwona kila mtu kuwa mwizi.

Tano, orodha ya watumaji wanaoaminika itumiwe kwa uangalifu. Kuliandika jina la mteja mkubwa na kuamuru barua zake zipite daima ni kumpa tapeli ufunguo, kwa kuwa jina la mtumaji ni rahisi kughushi. Uaminifu huo ufungamane na uthibitisho: barua ipite iwapo jina ni la mteja na saini ya seva yake imethibitika. Moja bila nyingine haitoshi.

Sita, milango isilindwe kwa namna moja. Anwani ya kupokea maulizo ya wateja wapya yafaa kuwa na kichujio kilicho laini, kwa maana kazi yake ni kupokea wasiojulikana. Anwani ya idara ya malipo yafaa kuwa na kichujio kikali, na juu yake desturi isiyovunjwa: badiliko lolote la akaunti lithibitishwe kwa simu, kwa nambari iliyokuwapo kabla ya barua hiyo kuja.

Mwisho, badiliko moja lifanywe kwa wakati mmoja, lijaribiwe kwa barua za zamani, kisha litazamwe tena baada ya miezi michache. Kisa cha Januari 2010 chatosha kuwa onyo kwa wanaodhani sheria iliyowekwa imewekwa milele.

Wajibu wa mtumaji

Si haki kumtwika mpokeaji mzigo wote. Kampuni za Mombasa ambazo barua zake hutupwa ng'ambo zina kazi ya kufanya katika seva zao. Kuna hatua tatu zinazojulikana kwa vifupisho SPF, DKIM na DMARC. Ya kwanza ni orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la kampuni. Ya pili ni saini ya kihesabu inayoonyesha kwamba barua haikubadilishwa njiani. Ya tatu humweleza mpokeaji la kufanya iwapo mbili hizo zitashindwa.

Hayo yalikuwa ni mapendekezo kwa miaka mingi, lakini sasa kwa wengi ni masharti. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo huwataka watumaji wakubwa wawe na uthibitisho huo, na malalamiko ya taka dhidi yao yasifike asilimia 0.3. Kwa Gmail, mtumaji mkubwa ni yule anayepeleka barua zaidi ya 5,000 kwa siku. Microsoft iliweka masharti yanayofanana na hayo kwa huduma yake ya Outlook mwezi Mei 2025. Ofisi ndogo ya Kilindini haifiki idadi hiyo, lakini kukosa saini humfanya mgeni aonekane hana kitambulisho, na bawabu yeyote humshuku wa namna hiyo.

Wanaotuma matangazo bila idhini nao wana sehemu yao ya lawama. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 imeweka masharti ya kutumia taarifa za watu kwa biashara. Kila duka linalotuma matangazo kwa watu wasioyaomba huongeza sababu ya vichujio kuwa vikali, na mwishowe huumia pamoja na wengine.

Uamuzi si wa fundi pekee

Yamkini kosa la msingi limekuwa kuliona suala hili kuwa la fundi wa kompyuta. Fundi anajua kupandisha na kushusha alama. Hajui kwamba barua ya mnunuzi wa Karachi ina thamani kuliko barua mia nyingine, wala kwamba wito wa mahakama unaweza kuja kwa anwani ambayo kampuni iliiandika katika mkataba miaka mingi iliyopita na kuisahau. Anayejua hayo ni mwenye ofisi, na yeye ndiye anayepaswa kusema ni kosa lipi analoweza kulivumilia.

Kwa ofisi isiyo na fundi, iliyo na anwani ya Gmail tu, kazi ni ndogo zaidi: kufungua folda ya taka kila siku, kuonyesha barua ambazo si taka, na kuwaweka watu inaowasiliana nao katika orodha ya anwani. Ni dakika kumi za asubuhi. Kwa wakala mwenye kontena bandarini, kwa mrithi anayesubiriwa na Kadhi, na kwa kijana aliyeomba chuo, dakika hizo huenda zikawa na faida kuliko saa zote za siku zinazobaki.

Wazee waliojenga mabaraza ya Mji wa Kale hawakuwa watu wa kumwamini kila mpita njia. Milango yao ya nakshi ilikuwa minene na yenye makomeo. Lakini walijua kwamba nyumba isiyopokea mgeni haipokei habari wala biashara. Ofisi inayomsifu bawabu wake kwa wezi aliowazuia haina budi kumuuliza pia wageni aliowarudisha, na kuwatafuta kabla ya siku 30 kwisha.